Hapo Unasema Wewe, au Inasema Dini?

(Hotuba kwa kikundi cha wasomaji, Tanga)

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na ambaye sijamfikia, habari za mchana.

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na vijana, kwanza namshukuru katibu kwa kusogeza kikao. Kilikuwa kifanyike Jumamosi asubuhi, lakini tuna wenzetu Wasabato humu ndani, kikahamishiwa Jumapili alasiri ili na wanaotoka ibada ya pili wawahi. Hakuna aliyeombwa aeleze kwa nini Jumamosi yake ni nzito kuliko Jumapili ya jirani. Kikundi kimeshalifanya kwa vitendo lile nililokuja kulisema kwa maneno, na kama si chai kuchelewa kuchemka, ningekunja karatasi yangu tukaondoka.

Nimeombwa nizungumzie namna tunavyosoma maoni ya wengine, na namna tunavyotoa ya kwetu, juu ya imani na mambo ya kila siku. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mstaafu. Sina kilemba wala kola. Kwa hiyo mtakayoyasikia leo myachukue kama maneno ya msomaji, tena msomaji mkorofi kidogo, anayependa kumuuliza kila anayezungumza kwa sauti kubwa: bwana, hapo unasema wewe, au inasema dini?

Swali hilo ndilo hotuba yangu yote. Mtu akinieleza amri ya dini yake, namsikiliza kwa namna moja. Akinipa shauri lake, namsikiliza kwa namna nyingine. Naweza kulipima, kulichukua nusu, hata kulikataa, na kesho tukasalimiana. Balaa huanzia pale mtu anapochukua shauri lake, akalivika kanzu ya amri, kisha akalileta kwenye kikao cha ukoo. Ukilikataa unaambiwa umemkataa Mungu.

Nianze na Mtume Paulo. Waislamu wenzangu mnivumilie, zamu yetu inakuja. Fungueni Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7. Watu wa Korintho walikuwa wamemwandikia maswali ya nyumbani kabisa: ndoa, kuachana, mume asiyeamini, mabinti ambao hawajaolewa. Katika mstari wa 10 anasema kwamba waliooana anawaagiza, "wala hapo si mimi, ila Bwana." Mistari miwili mbele anageuka: "Lakini watu wengine nawaambia mimi, wala si Bwana." Akifika mstari wa 25, kwenye habari za wanawali, anasema wazi kwamba hana amri ya Bwana, "lakini natoa shauri langu."

Angeweza kunyamaza. Barua ilikuwa yake, heshima alikuwa nayo, na Wakorintho wangeyapokea yote kwa mkupuo mmoja bila kujua lipi limetoka wapi. Lakini mara tatu katika sura moja anasimama kumwonyesha msomaji mpaka uko wapi. Nimekaa kwenye harusi nyingi za majirani zangu Wakristo, nimeisikia sura hii ikihubiriwa kwa ufasaha mkubwa, na karibu kila mara mhubiri anauruka mpaka huo kama mtu anayeruka mtaro wa maji machafu. Mimi nadhani ndipo penye utamu.

Sasa tuje kwetu. Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, alikuwa akiendewa na watu kutoka mbali. Imepokewa kwamba aliulizwa maswali 48, na katika 32 kati ya hayo jibu lake lilikuwa: sijui. Pigeni picha ya msafiri aliyekuja na maswali yake kutoka nchi nyingine, amechoka, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, anaambiwa na mwanachuoni mkubwa wa zama zake kwamba hajui. Mwanafunzi wa Malik alikuwa Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake tumeyarithi wengi wetu huku pwani. Huyu alikuwa na kauli zake alipokuwa Iraki. Alipohamia Misri, ambako alifariki mwaka 820, alizipitia upya na nyingi akazibadili. Wanafunzi wake hawakuzichoma zile za kwanza. Aliyesoma vitabu vya fikihi, yaani sheria za dini, anajua kuna kaulu kadimu na kaulu jadidi, kauli ya zamani na kauli mpya, na mwanafunzi anatakiwa azijue zote mbili za imamu mmoja. Na fatwa, tangu enzi hizo, hufungwa kwa Wallahu aalam, Mungu ndiye ajuaye zaidi. Siku hizi namsikia mtu akimtoa mwenzake katika Uislamu kwa dakika kumi mfululizo, halafu anamalizia na Wallahu aalam hiyohiyo. Sasa kama Mungu ndiye ajuaye zaidi, wewe hizo dakika kumi ulikuwa unajua nini?

Niingie kwenye jambo linalotutoa jasho kila mwaka. Mwezi.

Kuna nyumba Ngamiani naijua vizuri, siitaji barabara ya ngapi. Ndugu wawili, mama mmoja. Mkubwa anafuata mwezi wa kimataifa: ukionekana popote duniani kwa ushahidi wa kuaminika, kwake umeandama. Mdogo anasubiri tangazo la Mufti. Mwaka mmoja siku zikapishana. Mkubwa katoka chumbani asubuhi na kanzu mpya, udi unamfuata nyuma, anakwenda kuswali Idi. Mdogo yuko barazani, kafunga, anachokoa meno kwa mswaki wa mti na kumtazama kaka yake kama anayemtazama mwizi. Mama alikuwa amebandika pilau, sufuria ndogo. Mkubwa aliporudi alimpakulia jikoni, mlango kaurudishia, na kitambaa kakitandika chini ya mlango ili harufu ya bizari isimfikie aliyefunga. Kesho yake kabandika sufuria kubwa, watu wote wakala, na yule mkubwa akala tena bila haya. Nilipata kumsikia mama yule akimwambia mwanawe wa kwanza: "Kula baba, lakini usitoke hapo ukamwambie mwenzio amefunga siku ya haramu."

Neno hilo linaonyesha kwa nini ugomvi wa mwezi ni mkali kuliko ugomvi wa kuvaa kofia. Kufunga siku ya Idi ni haramu. Kula mchana wa Ramadhani bila udhuru ni dhambi kubwa. Maana yake, kila upande ukijiamini mia kwa mia, lazima uuone upande wa pili umo dhambini siku ileile, tena nyumba ileile.

Lakini hoja zao ni zipi hasa? Hapa ndipo kusoma kunapotakiwa. Wa kimataifa wanashika maneno ya Mtume, rehema na amani zimshukie: "Fungeni kwa kuuona, na fungueni kwa kuuona." Wanasema amri hii imetolewa kwa umma mzima, haina mpaka wa nchi ndani yake. Mpaka wetu na Kenya pale Horohoro ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na mwezi haukuitwa kwenye kikao. Hoja hiyo ina uzito. Wengi katika madhehebu matatu ya Sunni yasiyo ya Shafi waliona hivyo, kwamba ukionekana mahali pamoja umewatosha wote.

Wa mwezi wa nchi nao wana hadithi yao katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim, habari ya Kuraibu. Huyu alitumwa Sham, yaani Shamu ya zamani, kwa mtawala wake Muawiya, akaukuta mwezi wa Ramadhani umeonekana usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa mwezi, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamuuliza mliuona lini. Akamweleza. Ibn Abbas akasema: sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea kufunga mpaka tukamilishe thelathini au tuuone. Kuraibu akauliza, haikutoshi kuona kwa Muawiya na kufunga kwake? Akajibiwa hapana, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume. Msimamo unaojulikana wa madhehebu ya Shafi ni kwamba nchi zilizo mbalimbali zina matlai zake, yaani mahali pake pa kuchomoza mwezi.

Sasa mtu anaweza kuuliza, na ni swali zuri, kwamba Ibn Abbas aliposema "hivyo ndivyo alivyotuamrisha" alikuwa anaihamisha amri, au alikuwa anatoa ufahamu wake wa amri? Wanachuoni wenyewe wamelijadili hilo. Mnaona? Hata hapo juu kabisa, kwenye kizazi cha masahaba, swali letu lipo: hapo inasema amri, au anasema anayeifahamu amri? Na kama wao walilijadili kwa karne nyingi, sisi tunaolimaliza kwa sentensi mbili wakati kahawa haijapoa tumepewa wahyi gani?

Kinachonikera mimi ni kwamba nimekutana na watu tele wanaozijua hoja za upande wao, na wachache mno wanaoweza kuisema hoja ya upande wa pili kiasi kwamba mwenyewe akaitika: naam, hivyo ndivyo ninavyosema. Kijana anamcheka mzee kwa "kufuata redio", mzee anamcheka kijana kwa "kufunga na Waarabu." Kuraibu wa watu hayupo katika mazungumzo hayo.

Na Wakristo msitabasamu. Jumamosi na Jumapili zenu tumeshaziona kwenye vikao vya harusi. Ukoo una upande wa Upareni wenye Wasabato, ambao misheni yao ilianza huko mwaka 1903. Ukumbi umepatikana Jumamosi kwa bei ya kuelewana. Kadi za michango zimeshachapwa. Hapo ndipo mjomba anasimama na kusema, sisi hatutakuwepo. Halafu inazuka vita ambayo Waraka kwa Warumi sura ya 14 uliitazama zamani: "Mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa. Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Msabato atakwambia mstari huo hauhusu Sabato, na ana hoja zake za kueleza hivyo. Mwacheni aeleze. Mara nyingi ukoo unampigia kelele kabla hajafika kwenye hoja, kwa sababu kinachozungumzwa pale ni pesa ya ukumbi.

Kuna mfano mmoja wa usomaji wetu sisi Waswahili ambao naupenda kuliko yote. Kurani ilitafsiriwa nzima kwa Kiswahili na padri, Godfrey Dale, Mwingereza wa misheni ya Zanzibar, ikachapwa mwaka 1923. Mwaka 1953 ikatoka Nairobi tafsiri ya Waahmadiya, kundi ambalo Waislamu wengi wanalipinga kwa itikadi yake; ilikuwa ya Mubarak Ahmad Ahmadi. Mwaka 1969 ikatoka nzima ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mwanachuoni wa Zanzibar aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ukikaa na tafsiri ya Farsy, usikimbilie maandishi makubwa tu. Teremka kwenye maelezo. Kuna mahali anawajibu waliomtangulia, Waahmadiya hasa, tena kwa ukali. Lakini ili awajibu ilibidi awasome. Alijua waliandika nini. Ukali wa mtu aliyesoma mimi naupokea, naweza hata kuufurahia. Una mahali pa kushika. Ukali wa mtu aliyesikia kwa watu hauna pa kushika.

Na katika Waahmadiya haohao alikuwemo Sheikh Kaluta Amri Abedi. Wengi mnalijua jina kwa uwanja wa mpira wa Arusha. Alikuwa mubalighi, yaani mhubiri, wa Kiahmadiya, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, akafariki mwaka 1964. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Nimewafundisha ushairi watoto wa masheikh wa Kisunni hapa Tanga, ambao baba zao wasingekubali kuswali nyuma ya Mwahmadiya hata kwa bahati mbaya, na wote tulihesabu mizani na kupanga vina kwa kanuni za Amri Abedi. Hakuna mzazi aliyekuja shuleni kulalamika. Itikadi yake waliikataa, elimu yake wakaichukua, na hawakuona kama wamejipinga. Hiyo ni akili ya usomaji ambayo tulikuwa nayo bila kuipigia tarumbeta.

Niseme kidogo juu ya kutoa maoni, maana kusoma peke yake ni nusu. Mji huu wetu una historia katika jambo hili. Gazeti la Kiongozi lilichapwa hapahapa Tanga kuanzia mwaka 1904, katika shule ya serikali ya Wajerumani, na kabla yake wamisheni wa Magila kule Muheza walikuwa wakitoa Habari za Mwezi. Baadaye, mwaka 1923, ikaja Mambo Leo. Walimu na makarani waliandika barua, wakaleta mashairi, na mwenye shairi alijibiwa kwa shairi. Kulikuwa na mkono wa mkoloni juu ya yote hayo, sitaki kuyapamba. Lakini wengi waliweka jina na mahali wanapotoka. Aliyekosea alijulikana kakosea nani.

Mombasa, mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 la Al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili ili mtu wa kawaida asome, na makala zake nyingine zikakusanywa mwaka 1944 kwa jina la Uwongozi. Aligusa elimu ya wanawake, gharama za harusi, uvivu, kuiga Wazungu, hali ya Waislamu wa pwani kubaki nyuma. Wengi hawakukubaliana naye, na sehemu nyingine hata mimi nikisoma leo nakunja uso. Ila alisimama na jina lake, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya watu wakiwa wameshayasoma aliyoyaandika.

Mtaniuliza: na kanga je? Si maoni yasiyo na jina hayo? Kweli, kanga ni maoni, na wanawake wa pwani wametoa kwa kanga maoni ambayo wanaume hatukuwapa kiti cha kuyatolea. Lakini kanga ina mvaaji. Anapita mlangoni kwako mwenyewe, mzima mzima, na fumbo lake mgongoni. Ujumbe wa simu unaokuja kwenye kundi la ukoo saa kumi na moja alfajiri, "mwanachuoni mmoja mkubwa amesema", hauna mgongo. Ukimuuliza aliyeutuma, anasema nami nimetumiwa. Mimi nimejiwekea kanuni: ujumbe wa dini usiosema nani kasema, na kasema wapi, unaishia kwangu. Wajukuu wananiita kaburi.

Kwa hiyo ukitaka kutuambia unavyoona juu ya riba za vikoba, juu ya arobaini ya marehemu, juu ya muziki kanisani, juu ya binti kusoma mbali na nyumbani, tuambie. Tunataka kusikia. Sema tu: hili nimelisoma mahali fulani; hili nimelisikia kwa mwalimu wangu; na hili la mwisho ni langu, nimeliona maishani. Mama wa kikoba anayesema "mimi naona tugawane faida kulingana na hisa, hii nyongeza juu ya mkopo inanitia wasiwasi" anaweza kujadiliwa mpaka jioni. Anayesema "mnakula moto" kafunga kikao, na kikoba kitaendelea bila yeye.

Naona chai imefika, na maandazi. Kabla hamjainuka: mezani pale kuna karatasi za rangi mbili. Nyeupe ina hoja za mwezi wa nchi, ya manjano ina hoja za mwezi wa kimataifa, ukurasa mmoja mmoja. Wakristo mna zenu pembeni, Jumamosi na Jumapili. Kila mmoja achukue karatasi ya upande asioufuata, aisome wakati anakunywa chai. Tukirudi utakaa na mtu wa upande huo, umweleze hoja yake kwa maneno yako, naye atakukatiza pale unapomsingizia. Kujibu hakuruhusiwi mpaka aseme umefika. Bwana Mwenyekiti, wewe najua unafuata tangazo la Mufti, kwa hiyo yako ni ya manjano, na mimi ndiye nitakayekaa nawe.